Kiingereza Kigumu na Mtoto wa Chuoni

Katika kila baraza ya Mombasa, Malindi au Lamu hakosekani mtu mmoja aliyesifika kwa Kiingereza chake. Mara nyingi sifa hiyo haikutokana na mambo aliyoyasema bali na urefu wa maneno aliyoyasemea. Neno likiwa refu hulipenda kuliko fupi, na akisha kulitamka hutazama huku na huku kuona limemwangukia nani. Vijana humwonea kijicho. Nao huenda madukani kununua vijitabu vinavyoahidi maneno magumu elfu moja kwa mwezi mmoja, wakayakariri kama majina ya miji, na mtihani ukiisha yakawatoka yote kama maji katika pakacha.

Swali ninaloulizwa na wazazi na vijana pia ni hili: mtu aliyekwisha kukijua Kiingereza cha kawaida, cha sokoni na cha ofisini, atakipataje kile cha juu, cha vitabu vikubwa na cha mahakamani? Jibu langu ni refu kidogo, na nitalianzia mbali, katika jela ya Marekani.

Malcolm Little alizaliwa mjini Omaha, katika jimbo la Nebraska, tarehe 19 Mei, 1925. Ndiye yule ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Malcolm X, na ambaye baada ya kuhiji mwaka 1964 alijulikana kwa jina la El-Hajj Malik El-Shabazz. Aliacha shule baada ya darasa la nane. Mwenyewe amehadithia, katika kitabu cha maisha yake alichokitunga pamoja na Alex Haley na kilichotoka 1965, mwaka ule ule aliouawa, ya kwamba alipomwambia mwalimu wake anataka kuwa wakili, mwalimu alimshauri ajifunze useremala, kwani uwakili haukuwa kazi ya mtu wa rangi yake. Akenda zake Boston na New York, akaingia katika ulevi na wizi, na mwezi wa Februari 1946, kabla hajatimiza miaka 21, akafungwa.

Katika jela ya kwanza, Charlestown, alimkuta mfungwa aliyemtangulia kwa umri, ambaye katika kitabu anamwita Bimbi. Bimbi hakuwa na misuli ya kutisha wala hakuficha kisu. Alikuwa na maneno. Akianza kusema wafungwa wenziwe hunyamaza, na hata askari husogea kusikiliza. Malcolm alistaajabu, maana hakuwa amepata kuona mtu akiheshimiwa na wote kwa sababu ya ulimi wake tu. Bimbi akamwambia kwamba akili anayo, aitumie. Akamwelekeza kwenye vitabu na masomo ya posta. Malcolm akajifunza Kiingereza kwa posta, halafu, kwa kupendezwa na jinsi Bimbi alivyokuwa akieleza asili za maneno, akaanza na Kilatini pia. Tafadhali liweke akilini jambo hilo la Kilatini, nitalirudia.

Ndugu zake wakawa wanamwandikia kuhusu mafundisho ya Elijah Muhammad. (Mafundisho yale yalikuwa mbali na Uislamu tunaoujua sisi, na Malcolm mwenyewe aliachana nayo 1964, lakini hayo yana ukurasa wake.) Akataka kuwajibu, na kumwandikia Elijah Muhammad mwenyewe. Hapo ndipo aliposhikwa. Mitaani alikuwa bingwa wa kusema, lakini alipoishika kalamu maneno yalimwishia, kwani lugha ya wahuni haiandikiki katika barua ya heshima. Na akifungua kitabu, kila sentensi ilikuwa na mashimo, akayaruka, na alipofika mwisho hakujua kitabu kimesema nini.

Mwaka 1948 akahamishiwa Norfolk, jela iliyokuwa na maktaba kubwa kupita kawaida ya majela. Akaomba apewe kamusi, karatasi na penseli. Siku mbili nzima alikuwa akifunua kurasa tu, asijue aanze na neno gani, kwa kuwa hakupata kudhani maneno ni mengi kiasi kile. Mwishowe akaona bora aanze palipoanza kamusi yenyewe. Akaunakili ukurasa wa kwanza wote kwa mkono, kwa hati yake mbovu, pamoja na nukta na vituo. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima. Kisha akajisomea kwa sauti yote aliyoyaandika, akarudia na kurudia, na asubuhi akaamka akiyafikiria maneno ambayo jana yake hakujua kama yako duniani. Yale ambayo maana yake haikumkaa aliyarudia tena.

Neno moja aliloshika tangu ukurasa ule wa kwanza ni "aardvark". Huyo ni mnyama wa Afrika, mwenye masikio marefu na ulimi mrefu, achimbaye ardhi usiku akatafuta mchwa. Sisi twamwita mhanga. Jina lenyewe ni la Makaburu, na maana yake ni nguruwe wa ardhi. Mimi hucheka kidogo kila nifikapo hapo. Mtu mweusi aliyefungiwa Massachusetts anabisha mlango wa Kiingereza, na wa kwanza kumfungulia ni mnyama wa kwao Afrika!

Ukurasa wa pili ukafuata, na wa tatu, mpaka herufi ya A ikajaa daftari zima, akaingia B. Alikisia kwamba katika miaka ya kifungo, ukijumlisha kamusi na barua alizoandika, ameandika maneno milioni moja. Taa zilipozimwa saa nne usiku, alikaa sakafuni penye mwangaza uliopenya kutoka ukumbini akaendelea kusoma. Askari alipopita, kila saa mara moja, alirukia kitandani akajifanya amelala. Alitoka jela Agosti 1952 akiwa amevaa miwani. Tarehe 3 Desemba, 1964, mtu huyo wa darasa la nane alisimama mbele ya wanachuo wa Oxford, katika ukumbi wao wa midahalo, akajenga hoja yake hata akamwingiza Hamlet wa Shakespeare. Hotuba ile ilinaswa, na kila aisikilizaye leo atatambua kwamba maneno yake mengi ni mepesi. Yale magumu aliyaweka pale tu ambapo jepesi lisingetosha.

Msomaji wa Pwani, hebu itazame njia aliyoifuata. Mtu anakaa chini, ananakili ukurasa kwa mkono wake, anausoma kwa sauti, anaurudia mpaka uingie moyoni, ndipo anapogeuza mwingine. Je, hiyo si chuo? Wazee wetu waliandika ubaoni kwa wino wa masizi, wakasoma kwa sauti mbele ya maalim, na ubao haukuoshwa mpaka aya zile zimekaa. Sisi tunaohuzunika kwamba mtoto wetu hufika shuleni akiwa nyuma kwa Kiingereza, twasahau kwamba amefika akiwa na kipawa cha kuhifadhi ambacho wenziwe wengi hawanacho. Mtoto aliyehifadhi juzuu tatu kabla ya kupoteza meno ya utoto hawezi kushindwa na orodha ya maneno.

Karatasi ya kiwanja

Walakini kuhifadhi peke yake hakutoshi, na hapa ndipo vijitabu vya maneno elfu moja vinapokosea. Malcolm hakutafuta maneno ili ayavae kama joho la Idi. Alikuwa na barua ya kuandika na vitabu vya kufahamu. Haja ilitangulia, maneno yakafuata.

Niliwahi kukaa barazani Mji wa Kale, akaja mzee mmoja na barua ya wakili, kurasa tatu, juu ya kiwanja alichorithi kwa babake. Alitakiwa atie sahihi kwamba anakiuza kikiwa "free from encumbrances". Vijana watatu wenye vyeti walikuwapo. Mmoja akaichukua, akaisoma yote kwa matamshi mazuri bila kukwama hata mahali pamoja.

"Ahsante, mwanangu," akasema mzee. "Sasa niambie imesema nini."

"Imesema, mzee wangu, kiwanja kiwe 'free from encumbrances'."

"Hilo nimelisikia. Ndiyo nini?"

Kijana akamtazama mwenziwe. Mwenziwe akajibu kwamba yamkini ni magugu na takataka, yaani kiwanja kifyekwe kabla ya kuuzwa.

Nikamweleza mzee kwamba neno hilo lina maana ya mzigo wowote ulioilalia ardhi: rehani, deni, kodi isiyolipwa, au haki ya mtu mwingine ndani yake. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Dada yangu yuko Lamu. Fungu lake la mirathi hajalichukua." Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni, akaaga. Kama angetia sahihi siku ile, angekuwa ameapa juu ya haki isiyokuwa yake, na dada yake angepata habari baada ya ukuta kusimama.

Neno lenyewe, ukilichimbua, halitishi. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa wa zamani "combre" lilikuwa boma la kuzuia maji ya mto. Kwa hiyo "encumbrance" ni kitu kinachoziba njia. Mtu wa Pwani aliyeona uzio wa wavuvi ukizuia samaki wasirudi baharini hana haja ya kulikariri neno hilo mara mbili.

Mambo haya si mageni kwetu. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa ukanda wa Pwani wapeleke madai ya ardhi zao mbele ya ofisi ya serikali, karatasi za kuamua nani ana shamba na nani hana zimekuwa za Kiingereza. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini barua ya wakili, mkataba wa benki, na karatasi ambayo kijana huipokea kwa wakala anapotafutiwa kazi Ghuba, bado huja kwa Kiingereza, tena kile cha "notwithstanding" na "hereinafter". Kwa hiyo ninapozungumza juu ya Kiingereza cha juu sina maana ya fahari. Nina maana ya mtu kujua anachokitilia sahihi.

Hofu ya wazee

Najua wapo wazazi ambao mpaka leo wana wasiwasi na jambo hili, na sitawacheka. Shule za kwanza za Kiingereza zilizofunguliwa karibu na sisi zilikuwa za wamisheni, na mzazi wa Kiislamu aliyempeleka mwanawe aliogopa atarudishiwa akiwa na jina jingine. Tena ziko shule, hata katika zama zetu, ambapo mtoto akisema lugha ya kwao huvishwa kipande cha ubao shingoni mpaka amnase mwenziwe aliyekosea kama yeye. Mtoto aliyefunzwa kwa aibu huchukia lugha zote mbili.

Lakini mwenye hofu na amwangalie mmisheni mwenyewe. Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844. Alikaa na watu wetu, akaandika maneno yao moja moja kutoka vinywani mwao, na kadhi wa Mombasa alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Krapf alikusanya maelfu ya maneno yetu, mengine ya asili ya Kiarabu, wala hakusilimu. Alijua alitakalo, na maneno yetu yakamtumikia.

Kwa upande wetu yuko Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah 1932. Humo aliwakemea Waislamu walioiga mambo ya Wazungu bila kufikiri, na papo hapo akawakemea walioiacha elimu ya zama hizi wakadhani kujitenga nayo ndiyo dini. Mwanawe Ali, aliyezaliwa 1933, alitarajiwa kupelekwa Al-Azhar, Misri, lakini baba akafa mtoto akiwa na miaka 14. Ali akafanya mtihani wa Cambridge hapa Mombasa, na matokeo hayakuwa ya kumfikisha Makerere. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, pale ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hotuba aliyoitoa katika Maulidi, mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell, ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza, mwaka 1955.

Angalieni mambo! Mwaka 1963 alikuwa mwalimu katika Makerere ile ile, na 1965 akawa profesa. Mwaka 1979 alipewa na BBC mihadhara ya Reith, na Waingereza wakakaa kumsikiliza Mswahili wa Mombasa akiwafasiria Afrika kwa Kiingereza ambacho wao wenyewe walihitaji kamusi kukifuata. Wako waliomlaumu kwamba alipenda mno maneno makubwa, na kwa kweli alipenda kuyachezea, kama malenga anavyochezea vina. Alipofariki Marekani, Oktoba 2014, aliletwa akazikwa Mombasa, katika makaburi ya Mazrui karibu na Ngome ya Yesu. Kiingereza hakikumtoa kwao.

Maneno yaliyotoka kwetu

Sasa nije kwenye lile ambalo hasa lilinifanya niandike makala haya. Malcolm alipofika Jidda 1964 kwenda kuhiji, maneno yake yote ya Kiingereza hayakumfaa. Uwanja wa ndege ulijaa mahujaji kutoka kila pembe ya dunia, naye akawa kama bubu, akionyeshwa kwa ishara hata namna ya kukaa katika sala. Baadaye alieleza hamu yake ya kujifunza Kiarabu na lugha za Afrika. Yaani alianza mwisho, akatamani mwanzo. Mtoto wetu wa chuoni anao mwanzo, na mwanzo huo una njia ya kumfikisha ndani kabisa ya kamusi ya Kiingereza.

Chukua neno "tariff", ambalo kila karani wa forodha ya Kilindini analijua. Asili yake ni Kiarabu, taarifu, kujulisha. Ni ndugu wa taarifa, maarifa, maarufu na arifu. Tariff ilikuwa orodha ya kuwaarifu wafanyabiashara kiasi cha ushuru. Chukua "magazine": limetoka katika makhazini, maghala, na ndugu yake tunaye nyumbani, hazina. Ndiyo maana kwa Waingereza neno hilo ni ghala la baruti, ni sehemu ya bunduki inayotiwa risasi, tena ni jarida, ambalo ni ghala la habari. Mwanafunzi aliyekariri maana tatu mbali mbali huchoka. Aliyejua hazina huziona zote ni moja.

"Monsoon" ni msimu, neno lile lile, lililochukuliwa na Wareno kutoka kwa mabaharia Waarabu wa bahari yetu, likawafikia Waingereza baadaye. Pepo za kaskazi na kusi zimo ndani ya neno hilo. "Cipher" na "zero" yote mawili ni sifuri. "Algebra" ni al-jabr, kuunga kilichovunjika, kutokana na jina la kitabu cha Al-Khwarizmi cha karne ya 9; na jina la Al-Khwarizmi mwenyewe, lilipopita katika vinywa vya Kilatini, limekuwa "algorithm", neno linalotajwa leo na kila mwenye simu. "Admiral" ni amiri. Ile "l" ya mwisho ni "al" ya Kiarabu iliyobaki ikining'inia baada ya jina lililoifuata kudondoka, na "d" ni ya Wazungu wenyewe waliodhani neno lina uhusiano na kustaajabia.

La ajabu kuliko yote ni "alcohol". Hilo ni al-kuhl, wanja! Kwanza lilikuwa unga laini wa wanja wa manga, kisha likawa kitu chochote kilichosafishwa hata kikabaki kiini chake, halafu kiini cha mvinyo, na mwisho ulevi wenyewe. Neno la wanja, ambao kuupaka ni sunna, limeishia katika chupa ambayo kuinywa ni haramu. Hapa pana onyo pia. Asili ya neno ni kigingi cha kufungia kumbukumbu, haimpi mtu maana ya leo. Atakayedhani "alcohol" ni wanja kwa sababu asili yake ni wanja atacheka naye mwenyewe akiingia dukani.

Ni kweli kwamba maneno ya Kiarabu katika Kiingereza ni machache yakilinganishwa na ya Kilatini, Kiyunani na Kifaransa. Normandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walileta Kifaransa chao mahakamani na mezani. Ndiyo sababu ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", jina la wenyeji wachungaji, na akifika sahanini ni "beef", jina la mabwana walaji. Sehemu kubwa ya maneno tunayoyaita magumu yaliingia kwa mlango huo. Lakini hapa ndipo faida kubwa ya chuoni inapojitokeza, nayo haitegemei neno moja moja. Ni desturi ya kuliona neno kwa mzizi wake.

Aliyesoma sarufi ya Kiarabu hata kidogo anajua kwamba kitabu, katibu, maktaba na mkataba ni watoto wa mama mmoja. Anajua elimu, mwalimu, maalumu na ulamaa ni nyumba moja. Akiwa na jicho hilo, Kilatini ndani ya Kiingereza hakitamshinda. Mzizi "port" ni kubeba: "import" ni kuingiza, "export" ni kutoa nje, "transport" ni kubeba kutoka hapa kwenda pale, "report" ni kurudisha habari. Mzizi "dict" ni kusema: "predict" ni kusema kabla, "contradict" ni kusema kinyume, "verdict" ni lililosemwa kwa kweli. Mzizi "spect" ni kutazama, na msomaji ataikusanya jamaa yake mwenyewe. Sasa mnafahamu kwa nini Bimbi na Malcolm walihangaika na Kilatini jela.

Je, ni maneno mangapi yanayotakiwa? Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 ya msingi, kila neno likiwa na jamaa zake, na aliyemaliza shule huwa anayo mengi ya hayo. Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha nyingine mwaka 2000, jamaa 570 tu za maneno ya kitaaluma, ambazo hufanya kiasi cha asilimia 10 ya maandishi ya vyuoni. Paul Nation, wa New Zealand pia, alikisia 2006 kwamba mtu wa kusoma riwaya na magazeti bila msaada anahitaji jamaa 8,000 hadi 9,000. Kamusi kuu ya Oxford, chapa ya pili ya 1989, ina majuzuu 20, na hakuna Mwingereza aijuaye yote. Kijana asitishwe na majuzuu 20. Anayemaliza 2,000 za mwanzo na zile 570 amekwisha kuvuka kilindi. Yanayobaki huokotwa katika kusoma.

Nasema katika kusoma, maana neno lililokutwa mara moja ni mgeni wa siku moja. Likutwe gazetini, likutwe tena kitabuni, mara ya nne au ya tano mtu hulikaribisha ndani. Mimi namshauri kijana awe na daftari moja, si la orodha tupu, bali la sentensi. Aandike kwa mkono sentensi nzima alimolikuta neno, aandike mzizi wake akiujua, aandike kwa Kiswahili safi maana yake, na pembeni aandike jamaa zake. Kisha asome kwa sauti, kama alivyosoma ubaoni. Kile Kiswahili safi nakisisitiza. Ambaye hawezi kusema "encumbrance" kwa Kiswahili hajalijua bado. Amejua kulitamka tu, kama yule kijana wa barazani.

Na asiyaharakishe kuyatumia. Yapo maneno ya kusoma, yapo ya kuandika, na ni machache ya kusema. Malenga wetu wa zamani waliokuwa na Kiarabu kingi hawakukimwaga chote katika kila ubeti, ila wale waliotaka kutisha watu.

Jambo moja la kufurahisha nilimalizie. Neno "safari" liliingia katika kamusi za Kiingereza zamani, tangu karne ya 19, nalo twalifahamu ni la Kiarabu lililopitia kwetu. Mwaka 2022 kamusi ya Oxford ilifungua mlango kwa maneno mengine ya Afrika Mashariki, yakiwamo jembe, mwananchi, nyama choma na kitu kidogo. Kwa hiyo kuna kijana mahali fulani Uingereza ambaye, akitaka kukijua Kiingereza chote, itambidi akae chini na daftari lake ajifunze kitu kidogo ni nini. Sisi hilo hatuhitaji kufunuliwa kamusi.